Vazi la Mvua Linalogeuka Hema

Mwezi Mei mwaka 1955 bibi mmoja wa Kimarekani aitwaye Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na mama wa watoto kumi na mmoja, aliwaaga jamaa zake akisema anakwenda kutembea. Hakuwaambia umbali. Alikwenda katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, akaishika njia ya milimani iitwayo Appalachian Trail, na mwezi Septemba akatokea mwisho wa njia hiyo katika jimbo la Maine, kaskazini, baada ya kwenda kwa miguu kilomita zipatazo 3,300. Hakuna mwanamke aliyewahi kabla yake kuimaliza njia hiyo peke yake kwa safari moja. Mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu akashindwa.

Bibi Gatewood hakuwa na hema. Alibeba begani mfuko alioushona mwenyewe, na ndani yake, pamoja na chakula kidogo, mlikuwa na blanketi la jeshi, koti la mvua, na pazia la plastiki la aina ile itundikwayo bafuni ili maji yasiruke nje. Pazia hilo lilikuwa kinga yake ya mvua.

Wasafiri wengi wa milimani wa siku hizi wamelifuata wazo hilo kwa vitambaa vilivyo bora zaidi. Huchukua kipande kimoja cha kitambaa kisichopitisha maji, chenye tundu la kichwa katikati na kofia iliyoshonewa juu ya tundu hilo. Mchana hukivaa juu ya mwili na shanta. Usiku hufunga tundu, hutia kamba katika pembe zake, na vazi huwa paa. Katika makala hii tutakiita kifaa hicho poncho-hema. Msomaji aweza kuuliza kama jambo hili lina sayansi yoyote ndani yake. Tutaona kwamba lina sayansi nyingi, na kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu anayo hesabu ya kutosha kujua ni wapi kifaa hiki kitamfaa na ni wapi kitamponza.

Nguo moja kufanya kazi mbili si jambo geni kwetu. Shuka ya mchungaji ni vazi mchana na blanketi usiku, na kazi za kanga hazihesabiki. Geni ni uzito. Tuchukue poncho-hema ya ukubwa wa kawaida, mita 1.5 kwa mita 2.6. Eneo lake ni mita za mraba 3.9. Kama ingeshonwa kwa turubai la pamba lenye gramu 400 kwa kila mita ya mraba, kitambaa peke yake kingekuwa na gramu 1,560, tena kabla hakijalowa. Nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni ina gramu zipatazo 48 kwa mita ya mraba. Basi kitambaa chote ni gramu 187. Ukiongeza kofia, vitanzi, kamba na vigingi vichache, jumla hukaribia gramu 300, yaani uzito wa soda iliyomo katika chupa ndogo, bila chupa yenyewe.

Jina la poncho limetoka Amerika ya Kusini, ambako watu wa milima ya Andes wamevaa tangu zamani kitambaa cha sufu chenye upenyo wa kichwa. Kukifanya kizuie maji kabisa kulingoja mpira. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alipewa hataza ya kitambaa chenye utando wa mpira katikati ya matabaka mawili ya nguo, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) askari wengi walibeba poncho zilizopakwa mpira. Jeshi la Ujerumani lilianza mwaka 1892 kumpa kila askari kipande chake cha hema, na kipande cha mwaka 1931 kilikuwa cha pembe tatu: askari mmoja alikivaa kama poncho, na askari wanne waliviunganisha vyao kwa vifungo wakapata hema la umbo la piramidi. Jeshi la Kisovieti lilikuwa na lake la mraba, sentimita 180 kila upande. Majeshi hayakuyafanya hayo kwa kupenda starehe. Mtu aliyekwisha kubeba bunduki, risasi na chakula hana mgongo wa pili wa kubebea hema.

Nusu kilo ya maji

Kabla ya kukitazama kitambaa, hapana budi tujue kinamkinga mtu na nini. Mvua yenyewe haiui. Kinachoua ni joto ambalo maji huliondoa mwilini.

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri joto lake la ndani likiwa karibu nyuzi 37 za sentigredi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu amekwisha kuingia hatarini. Kwanza hutetemeka, kisha vidole hukataa kufunga kifungo, maneno humtoka kwa shida, hujikwaa penye njia nyeupe, na fikra humvurugika hata asitambue kwamba yu mgonjwa. Kutetemeka kukikoma naye hajapata joto, wenzake wasifurahi, kwa maana hiyo ni dalili mbaya kuliko zote zilizotangulia. Watu wengi hudhani hayo hutokea penye theluji tu. Sivyo. Nyuzi 8 au 10, pamoja na mvua na upepo, zatosha kabisa kumwangusha mtu aliyelowa na kuchoka.

Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Sweta hutupasha moto kwa sababu ya hewa iliyonaswa katika nyuzi zake. Likilowa, mahali pa hewa hiyo pamechukuliwa na maji. Lakini lililo kubwa zaidi ni joto fichi. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke, katika joto la karibu nyuzi 30 kama la ngozi, kunahitaji kilojouli zipatazo 2,430.

Sasa tufanye hesabu. Shati na sweta za mpandaji zimeshika nusu kilo ya maji, naye ameketi kambini akingoja zimkaukie mwilini. Joto linalohitajika ni 0.5 × 2,430, yaani kilojouli 1,215. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, yaani jouli 100 kwa kila sekunde. Ukigawanya jouli 1,215,000 kwa 100 unapata sekunde 12,150, ambazo ni zaidi ya saa tatu na dakika ishirini. Kwa muda wote huo mwili ungekuwa unafanya kazi ya kukausha nguo tu, usibakiwe na jouli hata moja ya kujipasha wenyewe. Kwa kweli joto jingine hutoka hewani, na mwili huongeza lake kwa kutetemeka. Lakini hesabu yatuonyesha ukubwa wa deni.

Nusu kilo hiyo hiyo ina sura ya pili. Mtu apandaye mlima na mzigo aweza kutoka jasho la nusu kilo kwa saa moja bila taabu. Jasho hilo likivukiza lote humpunguzia kilojouli zile zile 1,215, ambazo kwa saa moja ni kama wati 337, na bila hivyo angezidiwa na joto. Kwa hiyo kinga ya mvua inatakiwa kuzuia nusu kilo ya maji isiingie kutoka nje, na wakati huo huo iruhusu nusu kilo nyingine itoke kutoka ndani. Hapa ndipo penye ugumu wote wa nguo za mvua.

Tundu la kitambaa na tone la mvua

Kitambaa kilichofumwa ni matundu yaliyozungukwa na nyuzi. Kinachozuia maji yasipite ni mvutano wa uso wa maji, ule ule unaoliwezesha wembe kuelea katika bakuli likilazwa kwa uangalifu. Nyuzi zikipakwa nta au silikoni, maji hayapendi kuzigusa. Hujikunja mdomoni mwa tundu na kubaki hapo mpaka yasukumwe kwa nguvu ya kutosha. Kadiri tundu lilivyo dogo, ndivyo nguvu hiyo inavyotakiwa kuwa kubwa. Katika nyuzi zilizopakwa hivyo, tundu lenye upana wa milimita 0.1 laweza kushikilia maji ya kimo cha sentimita 10 hivi. Tundu la milimita 0.01 hushikilia maji ya kimo cha mita moja.

Mafundi wa vitambaa hupima ubora kwa njia hiyo hiyo ya kimo cha maji, na shule yaweza kuiga bila gharama kubwa. Chukua bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa mita moja. Funga kitambaa barabara kwenye mdomo wa chini, lisimamishe wima, kisha mimina maji polepole huku mwenzako akitazama chini. Andika kimo cha maji litokeapo tone la tatu. Jaribu kanga, kitambaa cha mwavuli, turubai kuukuu, na kanga ile ile baada ya kuisugua vizuri kwa mshumaa. Kisha, kimo kikiwa bado salama, gusa kitambaa kwa chini kwa kidole kilicholowa. Waliowahi kulala katika hema la turubai la zamani watakumbuka onyo la kutoligusa kwa ndani mvua inaponyesha. Sababu yake utaiona mwenyewe.

Pamba ina hila yake: nyuzi zake huvimba zikilowa na kuyabana matundu. Vipande vya hema vya Wajerumani vilitegemea hilo. Nailoni haivimbi kiasi cha kufaa, kwa hiyo huzibwa kwa silikoni au plastiki, na hapo tone la mvua halina pa kupita. Lakini mvuke wa jasho nao hauna pa kupita. Ukitaka kuona, tia mkono wako ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge penye kifundo, ukae dakika ishirini.

Koti la mvua la kubana huleta hali hiyo mwili mzima. Poncho huikwepa kwa umbo lake na si kwa kitambaa chake: chini ni wazi, ubavuni ni wazi, na kila hatua hulipunga vazi kama mvuto wa mhunzi, hewa yenye unyevu ikatoka na nyingine ikaingia. Tena hulifunika shanta pamoja na mwenyewe. Huu ndio ubora wake mkubwa, na kwa maoni ya mwandishi unazidi hata ule wa wepesi. Ubaya hutoka palepale: upepo mkali hulipeperusha juu kichwani, hivyo lazima kufunga kamba kiunoni, na mikono hulowa hadi viwiko.

Mtu asidanganyike pia kwamba kitambaa kinachozuia mvua kitazuia maji ya ardhini. Kijana wa kilo 60 akipiga goti moja, uzito wake wote ukiwa juu ya eneo la sentimita za mraba 100, kanieneo yake ni sawa na ile ya maji ya kimo cha mita 6. Kitambaa cha mita moja au mbili hakiwezi kuhimili hayo. Poncho ni paa. Tandiko la chini litafutwe lingine.

Paa la mita moja na nusu

Tuje kwenye hema. Tukifunga kamba kati ya miti miwili na kukitupa kitambaa juu yake kwa urefu, tunapata paa la pande mbili, kila upande sentimita 75. Pembe ya juu ikiwa nyuzi 90, upana wa chini ni sentimita 106 na kimo cha kati ni sentimita 53. Mtu aweza kulala ndani yake, lakini hawezi kuketi.

Njia ya pili ni paa la upande mmoja: ukingo mmoja mrefu chini kwa vigingi, wa pili juu kwa kamba au fimbo mbili. Ukingo wa juu ukiwa sentimita 90 kutoka ardhini, paa la sentimita 150 litafunika sentimita 120. Mwanafunzi atazitambua tarakimu hizo mara moja: ni pembetatu ya 3, 4 na 5 ya Pythagoras. Hapa mtu huketi, hula, hata husoma.

Lipi bora? Inategemea upepo, na hapa hesabu husema kweli kuliko matangazo ya wauzaji. Tone la mvua la milimita 2 huanguka kwa mwendo wa mita 6.5 hivi kwa sekunde. Upepo nao ukiwa wa mita 6.5 kwa sekunde, mvua huja kwa mshazari wa nyuzi 45, yaani huingia ndani ya paa kwa urefu ule ule wa kimo cha mlango. Katika paa la pande mbili, ikija kwa mlangoni, huingia sentimita 53. Ikiwa hujui upepo utatoka upande gani wa urefu, ondoa 53 kila upande: kati ya sentimita 260 zinabaki 154, pungufu ya kimo cha watu wazima wengi. Katika paa la upande mmoja, upepo ukitoka nyuma hupati hata tone. Ukigeuka ukatoka mbele, mvua huingia sentimita 90, nawe unabakiwa na sentimita 30 kavu. Ndiyo maana wazoefu hushusha ncha moja ya paa mpaka chini upande wa upepo, hata kama nafasi ya ndani itapungua.

Usiku hauna mvua tu. Kitambaa chembamba kilicho wazi mbele ya anga hupoteza joto kwa mnururisho, kikawa baridi kuliko hewa iliyokizunguka. Hewa iliyoshiba mvuke katika nyuzi 10 ina gramu 9.4 za maji kwa kila mita ya ujazo. Katika nyuzi 5 haiwezi kushika zaidi ya gramu 6.8. Zinazobaki huwa umande chini ya paa, na pumzi ya anayelala huongeza nyingine. Asubuhi mgeni wa mambo haya hulaumu kitambaa kuwa kinavuja. Dawa ni kuacha hewa ipite, au kulala chini ya matawi, ambayo hurudisha sehemu ya mnururisho huo. Lakini yachunguzwe kwanza kama hayana yaliyokauka. Nailoni pia hulegea ikilowa, hivyo kamba zikazwe tena kabla ya kulala. Moto uwe mbali, kwa kuwa nailoni huyeyuka, na mwiba mmoja wa mgunga watosha kuitoboa.

Dakika tano za hatari

Hayo yote yanavumilika. Kasoro iliyo ndani ya wazo lenyewe ni hii: kifaa hakiwezi kufanya kazi zake mbili kwa wakati mmoja. Msafiri hufika kambini mvua inanyesha, jasho la mlima bado li nguoni, naye amelivaa paa lake. Ili alijenge hana budi alivue. Wakati huo huo ameacha kutembea, na joto la mwili limeshuka kutoka wati mia kadhaa hadi mia moja. Vidole vimekufa ganzi, navyo ndivyo vinavyotakiwa kufunga mafundo. Na atakapotaka kutoka usiku kwa haja yake, atachagua kati ya kulowa mwenyewe na kuulowesha mzigo wake.

Zipo njia za kupunguza hatari. Kamba zifungwe katika pembe tangu asubuhi na kuviringwa. Vigingi viwe mahali pamoja. Mahali pa kulala pachaguliwe na kusafishwa poncho ikiwa bado mwilini, na pembe mbili za nyuma zifungwe kabla ya kuvua. Kama si usiku, mara nyingi ni heri kuchutama ndani ya poncho mpaka manyunyu yapite. Lakini palipo na baridi hakuna ufundi unaochukua nafasi ya koti jepesi la pili, hata la gramu 200. Atakayesema kwamba koti hilo linakula sehemu kubwa ya uzito uliookolewa amesema kweli.

Tuutazame mlima wetu. Joto la hewa hupungua wastani wa nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda. Moshi, kwenye mita 850 hivi, pakiwa na nyuzi 25, basi Horombo, kwenye mita 3,720, patakuwa na nyuzi 8 tu mchana huo huo, nayo ndiyo ile nyuzi 8 tuliyoitaja. Chini ya hapo, katika msitu wa miteremko ya kusini, ndiko mvua inakonyesha nyingi kuliko popote Kilimanjaro. Kwa hiyo mpandaji hulowa kwanza msituni, kisha huibeba nusu kilo yake ya maji mpaka penye baridi, ambako tena hakuna miti ya kufungia kamba. Huko poncho ni vazi zuri la msituni, lakini mwandishi asingemshauri mwalimu yeyote kuitegemea kuwa hema la wanafunzi. Katika safari za nyanda za joto na misitu ya chini ni jambo jingine kabisa, na huko hakuna kifaa kinacholingana nayo kwa wepesi na kwa bei.

Mpagazi naye ana shida ambayo washonaji wa poncho hawakuifikiria. Vazi hili limekatwa kwa ajili ya mtu mwenye mzigo mgongoni. Mzigo ukiwa kichwani, kofia haina kazi, na kitambaa hakifikii vyote viwili. Wanafunzi wa kazi za mikono wangeweza kuanzia hapo.

Wale wa fizikia wangoje siku ya mvua. Wapime shati kavu la pamba kwenye mizani, mmoja alivae, avae na poncho juu yake, asimame uwanjani kando ya miti miwili. Mwenye saa atoe ishara. Mvaaji avue poncho, ajenge paa, aingie chini yake. Shati lipimwe tena papo hapo, gramu zilizoongezeka zizidishwe kwa kilojouli 2.43, na jibu liandikwe ubaoni pamoja na dakika zilizotumika. Kisha jaribio lirudiwe, safari hii kamba zikiwa zimekwisha kufungwa katika pembe.